Mihuri Yote Hiyo na Hakuna Aliyeuliza Kama Ulisoma

Chukua cheti cha digrii cha Mkenya aliyepata kazi Dubai ama Doha, kigeuze, uangalie mgongoni. Kuna muhuri wa wakili. Kuna sahihi ya msajili wa mahakama. Kuna muhuri wa wizara, kuna stika ya ubalozi, na pembeni pameachwa nafasi ya muhuri mwingine utakaopigwa huko anakoenda. Upande wa mbele karatasi inasema mtu huyu alisoma miaka minne akafuzu. Upande wa nyuma inasema watu kadhaa waliangalia sahihi za wenzao wakaona ziko sawa.

Hizo ni habari mbili tofauti kabisa, na nchi hii imeamua kwamba ya pili ndiyo ya maana.

Watu wengi hupita kwa hii njia wakiwa mbio. Mwajiri anapiga simu, tiketi inangoja, mama anauliza unaondoka lini. Hakuna anayepata nafasi ya kujiuliza kila dirisha hufanya kazi gani hasa. Hebu tuipite polepole.

Unaanza kwa wakili. Si wakili yeyote. Lazima awe notari, yaani wakili aliyefanya kazi hiyo kwa miaka isiyopungua 5 na akateuliwa na Jaji Mkuu chini ya sheria ya manotari, Sura ya 17. Anachukua cheti chako, anakiweka kando ya nakala, anaona vinafanana, anapiga muhuri. Hajui chuo chako. Hajawahi kukutana na mhadhiri wako. Kama cheti chenyewe kilipikwa River Road juzi, na kikapikwa na mtu anayejua kazi, nakala itafanana nacho vilevile, na wakili atakuwa amesema ukweli mtupu: nakala hii ni kama kile cheti.

Kutoka hapo karatasi zinaenda Mahakama Kuu. Msajili hasomi cheti. Anaangalia kama sahihi ya wakili ni ya notari anayetambulika. Ni yake? Sawa, anatia yake. Halafu Wizara ya Mashauri ya Kigeni, pale Harambee Avenue, jengo la Old Treasury. Wizara nayo inaangalia sahihi ya msajili, ama ya afisa mwingine wa serikali ambaye mfano wa sahihi yake wanao. Halafu ubalozi, ambao unaangalia sahihi ya wizara. Halafu ukishatua, wizara ya huko inaangalia sahihi ya ubalozi wake. Ni kama ile nauli ya matatu inayopokezwa kutoka kiti cha nyuma hadi kwa makanga: kila abiria anajua amepewa noti na nani, na hakuna anayejua kama noti yenyewe ni halali.

Utaratibu hubadilika kidogo kulingana na nchi unayoenda. Kwa vyeti vya masomo mara nyingi utatumwa pia Wizara ya Elimu, Jogoo House, na cha KCSE kitarudishwa kwa KNEC waliokitoa. Na mahali fulani katikati utaambiwa ulete barua ya chuo, iliyosainiwa na msajili wa masomo, ikisema kweli huyu alikuwa mwanafunzi wetu na cheti hiki ni chetu.

Hiyo barua ndiyo karatasi pekee kwenye mlolongo wote huo inayojibu swali aliloliuliza mwajiri. Moja tu. Zingine zote ni sahihi zinazoshuhudia sahihi. Na ndiyo hiyo moja inayochelewa kuliko zote.

Tukae hapo kidogo.

Mtu yeyote aliyepitia chuo kikuu cha umma Kenya anajua neno alama kupotea. Ulikaa mtihani, ulisaini karatasi ya mahudhurio, mhadhiri alisahihisha, lakini kwenye mfumo wa chuo hapo pana pengo. Wewe ndiwe unayefuatilia. Unamtafuta mhadhiri ambaye alikuwa wa kibarua na siku hizi anafundisha kaunti nyingine. Ukimaliza hilo, kuna fomu ya kuondoka: maktaba isaini kwamba huna kitabu chao, mabweni wasaini kwamba hukuvunja dirisha, idara ya michezo isaini kwamba hukuondoka na mpira, hata kama tangu mwaka wa kwanza hujawahi kuugusa. Joho la mahafali lirudishwe. Karo iwe imelipwa hadi senti ya mwisho. Ndipo cheti kinatoka, kama kimeshachapishwa.

Sasa mtu huyo huyo, aliyehitimu kwa jasho la aina hiyo, miaka mitatu baadaye anarudi kwa chuo hicho hicho kuomba barua ya mistari minne.

Kuna dada mmoja ninayemfahamu, muuguzi, alipata ofa kutoka hospitali moja ya Ghuba. Ofa ilikuwa na tarehe ya mwisho: siku 60. Wakili alimmaliza kwa nusu saa. Kwingine alikaa siku mbili tatu. Kilichomla ni chuo chake mwenyewe. Anayesaini alikuwa kwa warsha Naivasha (hii nchi ina warsha Naivasha kuliko samaki walioko kwa ziwa lenyewe). Aliporudi, faili haikuonekana. Faili ilipoonekana, barua ikaandikwa na jina la baba yake likakosewa herufi moja, halifanani na pasipoti, kwa hivyo irudiwe. Alinisimulia mazungumzo ya dirishani nikadhani ananitania:

"Madam, huyo wa kusaini hajaingia leo."

"Ataingia lini?"

"Wewe jaribu Alhamisi."

"Leo ni Alhamisi."

"Basi ile ingine."

Siku ya 60 ilimpita akiwa kwa benchi. Hospitali haikumkasirikia wala haikumwonea huruma. Ilimpa nafasi muuguzi wa nchi nyingine ambaye karatasi zake zilikuwa zimekamilika. Sitataja chuo, na sidhani kukitaja kungesaidia chochote. Simulia kisa hicho mbele ya wahitimu kumi na kila mmoja ataapa ni chuo chake.

Na hapo ndipo upuuzi unapozidi. Hata kama angemaliza mihuri yote kwa wakati, hospitali isingeiamini. Kwa wauguzi, madaktari, wafamasia na watu wa maabara, mamlaka za afya za Saudia, Dubai na Qatar hutumia kampuni inayoitwa DataFlow, ambayo kazi yake ni kuandikia moja kwa moja chuo kilichotoa cheti na kuuliza: huyu mnamjua? Unalipia huduma hiyo wewe, kwa dola ama kwa sarafu ya huko. Ukienda Canada ukapimiwa shahada na WES, wanataka transkripti itoke chuoni hadi kwao bila kupita mikononi mwako. Ujerumani kuna ofisi inayoitwa ZAB, ambayo kwa euro 208 inakuandikia barua ya kulinganisha shahada yako na za kwao. Yaani wale wale tunaojazia karatasi mihuri ndio hawaitegemei. Wana njia yao ya kujua ukweli, na njia hiyo inarudi kwa mlango ule ule wa msajili aliye Naivasha. Chuo kikikaa kimya, DataFlow haisemi cheti ni bandia. Inaandika kwamba imeshindwa kuthibitisha. Kwa mwajiri aliye na maombi mengine mia mezani, hiyo inatosha kukuweka kando.

Kwa hivyo unalipa mara mbili. Mara ya kwanza unalipia sherehe ya mihuri, mara ya pili unalipia ukweli, na ukweli unakwama kwenu.

Nikisema unalipa, sizungumzii sana ada za serikali. Hizo zinajulikana na nyingi ni za kuvumilika: cheti cha tabia njema kutoka DCI ni shilingi 1,050, pasipoti ya kurasa 34 ni 7,550, na kila ukigusa eCitizen kuna ile 50 ya juu. Kinachoua ni vitu visivyo na risiti. Balozi karibu zote ziko Nairobi. Mtu wa Lodwar anapanda basi usiku kucha kuja kuweka bahasha dirishani, analala kwa shangazi Kayole, kesho anaambiwa nakala ilipaswa kuwa ya rangi. Mtu wa Mombasa anafanya kilomita karibu 480 kuja na 480 kurudi, na mara ya pili anaamua afadhali atafute mtu.

"Mtu" huyo unamjua. Ana meza ndogo ama ofisi ghorofa ya tatu katikati ya jiji, ana karatasi imebandikwa ukutani yenye majina ya nchi, na ana namba ya mtu wa ndani. Hatengenezi cheti bandia. Hiyo ni biashara ya jirani yake. Yeye anauza muda. Anachukua bahasha yako Jumatatu na Ijumaa inarudi na mihuri yote, na wewe unamlipa mara kadhaa ya kile ambacho ofisi zenyewe zingekutoza. Wengine wana haraka kweli kweli, wengine wanatoweka na vyeti halisi. Watu hupenda kumlaani broka, mimi sina nguvu hizo. Broka ni ushahidi. Kama bahasha inaweza kuzunguka kwa siku tano ikibebwa na yeye, basi kazi yenyewe ni ya siku tano. Zile wiki zingine unazokaa kwa benchi hazikuwa kazi ya mtu yeyote.

Na kuna wale ambao hata kwa broka hawafiki. Ghuba ina milango miwili kwa Mkenya. Mmoja ni wa kazi ya taaluma, unaotaka shahada iliyothibitishwa. Mwingine ni wa ulinzi, usafi na kazi za nyumbani, ambao hauulizi shahada. Mlango wa pili unafunguka upesi. Ndiyo maana utakutana na mlinzi wa duka kubwa Doha mwenye digrii ya uhasibu, na msichana anayelea watoto Riyadh aliyesomea ualimu, vyeti vyao viko Kenya, chini ya godoro la mama ama ukutani kwa fremu. (Mama zetu, Mungu awabariki, huvifunika vyeti kwa plastiki ile ya moto ili visiharibike. Kuna ofisi hukataa kupiga muhuri cheti kilichofunikwa hivyo. Mapenzi ya mama nayo yamegeuzwa kasoro.) Tofauti ya mshahara kati ya milango hiyo miwili si ya kuambiwa, na tofauti ya heshima ndiyo usiseme. Sidai kwamba mihuri peke yake ndiyo inayowasukuma kwa mlango wa pili. Nasema inasukuma, na hakuna aliyewahi kuulizwa kuhusu hilo.

Najua jibu litakalokuja. Litasema: wacha wewe, bila mihuri hii wezi wa vyeti watajaa kila mahali, na jina la Kenya litaharibika.

Jina limeshaharibika, na mihuri ilikuwepo. Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba ukaguzi katika idara na mashirika ya serikali ulipata vyeti ghushi 2,067. Hao hawakuwa watu wa kando. Walikuwa wameajiriwa na serikali ile ile yenye mihuri yote duniani, wakiwa na mafaili, nakala zilizopigwa stampu na viapo vilivyosainiwa. Na walijulikanaje? Hakuna aliyekaza macho kwa muhuri akauona umepinda. Taasisi ziliandikia waliotoa vyeti hivyo zikauliza: huyu mnamjua? Swali lile lile la DataFlow. Mghushi wa vyeti hasumbuliwi na sahihi sita. Yeye ameshaghushi ya kwanza, ambayo ndiyo ngumu, na zile zingine anapewa halali kabisa na maafisa waliokula kiapo. Anayesumbuka ni aliyesoma kweli, kwa sababu yeye ndiye asiyejua njia za mkato.

Kuna wanaoamini dawa ni apostili. Wana hoja, lakini wanaivuta mbali kidogo. Mkataba wenyewe uliandikwa The Hague tarehe 5 Oktoba 1961, na wazo lake ni rahisi: badala ya kupanda ngazi zote hizo, nchi inateua ofisi moja inayobandika cheti kimoja kwenye hati yako, na nchi zote wanachama zinakikubali bila kupitia ubalozi. Zaidi ya nchi 120 zimo. Burundi iliingia 2015. Oman ilikuwa ndani tangu 2012. Saudia ilianza Desemba 2022, China Novemba 2023, Canada Januari 2024, na Rwanda ikafuata Juni 2024. Siku Rwanda inaanza kutumia apostili, Kenya, ambayo hupenda kujiita lango la kanda hii, ilikuwa bado inamwambia mhitimu wake apande matatu kwenda ubalozini. Hiyo ni aibu na haina maelezo mazuri.

Lakini ukienda Dubai au Doha, apostili haikusaidii, kwa sababu Falme za Kiarabu na Qatar haziko kwenye mkataba huo. Na hata kwa nchi zilizomo, apostili inashuhudia kitu kile kile ambacho mihuri yetu inashuhudia: kwamba sahihi hii ni ya afisa huyu. Haisemi ulisoma. Zaidi ya hayo, nchi mwanachama ina haki ya kupinga kuingia kwa mgeni, na ikipinga, mkataba haufanyi kazi kati yao wawili. Ukiwa na sifa ya nchi ambayo cheti chochote kinapatikana River Road, usitegemee kila mtu atakufungulia mikono. Apostili ingempunguzia mhitimu safari mbili tatu, na hizo safari ni za watu maskini, kwa hivyo naitaka. Ila isije ikatumiwa kufunika lile shimo kubwa.

Shimo kubwa ni kwamba hatuna mahali ambapo mwajiri wa Muscat au wa Hamburg anaweza kuingiza namba ya cheti na kupata jibu. India wanaweka vyeti vya wahitimu kwenye DigiLocker. China wana mfumo wa CHSI ambao mhitimu anautumia kutoa ripoti yenye namba, na yeyote aliye na namba hiyo anaithibitisha mtandaoni. Hizo ni nchi zenye wanafunzi wengi kuliko idadi ya Wakenya wote, watoto wachanga wakiwemo. Usiniambie sisi ndio tuna kazi nyingi.

Na si kwamba hakuna aliyefikiria. Sheria ya mfumo wa kitaifa wa sifa za masomo ilipitishwa 2014. Iliunda mamlaka, KNQA, na moja ya kazi ilizoipa ni kutunza hifadhidata ya kitaifa ya sifa hizo. Soma mwaka tena: 2014. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo ameshafika sekondari ya msingi. Katika muda huo KNQA na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu zimevutana juu ya nani mwenye mamlaka ya kutambua shahada za kigeni. Hapo nguvu zilipatikana. Wakati ndovu hao wanasukumana, mhitimu wa chuo cha Kenya, mwenye shahada ya Kenya, bado anatembea na bahasha ya kaki kifuani kama mtu aliyebeba matokeo ya hospitali.

Sasa weka hilo kando ya maneno ya serikali. Juni 2023 tulizinduliwa Gava Mkononi, na tangu hapo tunaambiwa huduma zaidi ya 20,000 ziko eCitizen. Septemba 2024 Rais alikwenda Berlin na mkataba wa wafanyakazi na Ujerumani ukasainiwa. Kabla yake, Julai 2021, kulikuwa na ule wa wauguzi na Uingereza. Kuna Kazi Majuu, yenye misafara na vipaza sauti na vijana waliopanga foleni juani kwa faili za plastiki. Na kila Benki Kuu ikitoa hesabu za pesa zinazotumwa na Wakenya walio nje, ambazo mwaka 2024 zilikuwa karibu dola bilioni 4.9, kuna mtu wa serikali anayesimama kuzishangilia utafikiri alizituma yeye. Wasee, hizo pesa zilitumwa na watu waliokaa kwa benchi. Kila shilingi ya hapo ilipita kwanza kwa dirisha lililofungwa saa saba kwa chakula cha mchana likafunguliwa saa tisa.

Halafu kuna HELB. Kwa mkono mmoja dola inamtafuta mhitimu alipe mkopo wake, inamtoza faini akichelewa. Kwa mkono mwingine chuo cha dola hiyo hiyo kinamkalia barua ya mistari minne inayosimama kati yake na mshahara wa kulipa mkopo. Kama ni biashara, mwenye biashara angekuwa ameshamfukuza meneja.

Vyuo navyo vitasema havina pesa, na ni kweli vingi vina madeni yanayotisha. Lakini hebu tuangalie kazi yenyewe inayohitajika. Kila mahafali chuo huchapisha kijitabu. Ndani yake mna jina la kila mhitimu, kitivo, shahada, na mara nyingi daraja. Vyuo vingi huweka orodha hiyo mtandaoni kwa pdf wiki kadhaa kabla ya sherehe ili watu wahakikishe majina hayajakosewa. Sherehe yenyewe hufanywa hadharani, mbele ya wazazi waliotoka Bomet na Taita na mashada ya maua ya plastiki, na mkuu wa chuo anatamka kwa kipaza sauti kwamba hawa wametunukiwa. Kwa hivyo rejista ipo. Imeshaandikwa, imeshahakikiwa, imeshatangazwa kwa umma. Kilichobaki ni kuipa kila mstari namba na kuiweka mahali inapoweza kuulizwa bila kumsumbua mtu wa Naivasha. Wanafunzi wa kompyuta wa mwaka wa tatu wa chuo hicho hicho wanaweza kuijenga kama mradi wa muhula, na alama zao zisipotee.

Faragha? Weka namba ya siri kwa cheti, mhitimu amgawie anayetaka. Udanganyifu wa ndani, karani akiongeza jina la mpwa wake? Unawezekana, na unawezekana leo pia, tofauti ikiwa kwamba leo hakuna anayeweza kulinganisha na kile kijitabu.

Mpaka hapo nimesema kama mtu anayeomba, na sipaswi kuomba. Ibara ya 47 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya kuhudumiwa na mamlaka za utawala kwa haraka, kwa ufanisi, kwa kufuata sheria na kwa njia ya busara. Haraka imo kwenye Katiba, imetajwa ya kwanza kabisa. Mwaka 2015 Bunge likapitisha sheria nzima ya kuitekeleza ibara hiyo, na ukinyimwa uamuzi bila sababu una haki ya kudai sababu kwa maandishi. Chuo kikuu cha umma ni mamlaka ya umma. Msajili wa masomo asiyesaini barua kwa wiki sita hajachelewesha fadhila. Amekiuka haki, kama askari anayekuzuilia kituoni bila kukupeleka kortini.

Sijui kwa nini hatujawahi kulichukulia hivyo. Wahitimu wanaandamana kwa ajili ya kazi, wanaandamana kwa ajili ya ushuru, madaktari na walimu wana vyama vinavyojua kupiga kelele, lakini benchi la barua halina chama. Kila mtu hulikalia peke yake, akipata barua anakimbia, hataki hata kukumbuka. Anayefuata analikuta bado lina joto.

Ningetaka vitu vitatu, na sioni kimoja kati yavyo kinachohitaji tume ya kuchunguza. Vyuo vipewe siku 5 za kazi za kujibu ombi la kuthibitisha shahada, liwe la mhitimu, la DataFlow au la WES, na jina la anayechelewesha liandikwe. Orodha za mahafali za miaka yote ambayo iko kwa kompyuta ziingizwe kwa ile hifadhidata ya 2014, zikianza na za mwaka huu. Na wizara isaini mkataba wa The Hague bila kungoja ziara nyingine ya rais ya kuufanyia sherehe.

Kabla ya hayo kutokea, kama una ofa mezani leo: andikia chuo kwa barua pepe, usiende na mdomo tu. Taja Ibara ya 47 na tarehe ya mwisho ya ofa yako. Peleka nakala kwa naibu mkuu wa chuo na kwa Ombudsman, yaani Tume ya Haki ya Utawala, ambayo kazi yake ni hii hasa na kulalamika kwao ni bure. Weka kijitabu chako cha mahafali salama. Na cheti usikifunike plastiki.